RANGI INAYOFUNIKA IKISHA KAUKA
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya rangi nyeupe. Mimi ni mpaka rangi wa reli. Mwenzetu mmoja alipaka ukuta kwa rangi mpya ya maji. Nyapara akapita rangi ikiwa mbichi, akaona ukuta wa zamani unatokeza chini yake. Akasema, "Umeizimua kwa maji." Mwenzetu akaandikiwa barua ya onyo. Kesho yake asubuhi ukuta ulikuwa mweupe kabisa, lakini barua haikufutwa.

Sasa sikilizeni sababu. Zamani weupe wa rangi ulitoka katika unga wa risasi, nao ni sumu. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilifanya mapatano ya kuuzuia ndani ya majumba. Unga wa titani ukashika mahali pake. Huo hufunika vizuri, lakini ni ghali. Ndipo katika miaka ya 1980 kampuni ya Rohm and Haas ya Marekani ikaleta vidonge vya plastiki vyenye uvungu, vidogo sana, ili titani ipunguzwe, si kuondolewa yote.

Hutengenezwa hivi. Kwanza hufanywa kiini cha plastiki yenye asidi. Kisha huvikwa ganda la plastiki nyingine iliyo ngumu. Halafu hutiwa amonia, ganda likiwa limelainishwa kwa moto. Kiini hunywa maji na kuvimba, na ganda hutanuka pamoja nacho. Basi ndani ya kila kidonge mna maji. Rangi ikikauka, maji hutoka kupitia ganda, na hewa hukaa mahali pake. Nuru ikikutana na hewa ile ndani ya plastiki hutawanyika, nasi twaona weupe.

Jambo hili mwalijua. Shati jeupe likilowa, mwili huonekana. Likikauka, mwili husitirika.

Kwa hiyo, wapaka rangi, msirudie kupaka kabla rangi ya kwanza haijakauka. Nanyi manyapara, kagueni ukuta mkavu. Naomba tawi lipeleke kwa wakubwa maneno mawili: barua ile ifutwe, na rangi mpya ikiletwa, tufundishwe kwanza. Si haki mtu kuadhibiwa kwa sababu ya maji ambayo hayajapata nafasi ya kukauka.