KAZI YA NYUMBANI NI MALI
Mazungumzo kwa wanakisomo wa vijiji vya Ufipa



Leo tuzungumze jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Ndoa ikivunjika, mama asiye na mshahara anaondoka na nini?

Wengi hujibu haraka: "Anaondoka na nguo zake." Mama mwenyewe huamini hivyo. Hufunga mzigo wake alfajiri, akarudi kwao. Nyumba ya bati, ng'ombe wa kulimia na magunia ya mahindi huviacha nyuma. Je, hiyo ni haki? Hebu tuhesabu.

Mchukueni mama yeyote wa Laela au Matai. Kabla jua halijatoka ameteka maji. Amepika, ameogesha watoto. Shambani amefukia nyasi kwenye matuta ya ntumba, amepalilia mahindi na maharage. Jioni anauguza mkwe wake. Amefanya hivyo miaka kumi na mitano. Mume akauza mahindi Sumbawanga mjini, akanunua bati. Risiti ina jina la mume. Lakini bati zile ni jasho la nani? Ni la wote wawili.

Sheria nayo inasema hivyo. Tunayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo mume na mke waliichuma kwa juhudi zao pamoja. Mahakama hutazama mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Hutazama pia madeni, mila, na mahitaji ya watoto wadogo.

Zamani mahakimu hawakukubaliana. Wengine walisema kupika na kulea ni wajibu tu wa mke, si mchango. Ndipo mwaka 1983 kesi ya Bi Hawa Mohamed na Bwana Ally Sefu ikafika Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Jaji Mkuu alikuwa Francis Nyalali. Mahakama ikaamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Uamuzi huo unatumika mpaka leo. Na kama baba ndiye anayebaki nyumbani, kazi yake nayo huhesabiwa.

Lakini sikilizeni vizuri. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Mahakama iliona kwamba mumewe alimpa fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye akazitumia vibaya. Kwa hiyo ukijenga unahesabiwa, na ukibomoa unahesabiwa pia. Tena, kugawana si lazima iwe nusu kwa nusu. Mahakama hupima.

Sasa, mama anayefikiria talaka afanye nini?

Kwanza, asikimbilie kuondoka mikono mitupu, ila kama maisha yake yamo hatarini. Hapo aokoe roho kwanza. Kuondoka hakufuti haki yake.

Pili, aandike. Mashamba mangapi, ng'ombe wangapi, vilinunuliwa mwaka gani, nani alishuhudia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi sasa mnajua kuandika. Kalamu hiyo ndiyo shahidi wenu.

Tatu, aende kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata. Baraza hujaribu kupatanisha. Likishindwa hutoa hati. Hati hiyo ipelekwe mahakamani kabla ya miezi sita kupita. Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza shauri la talaka.

Nne, mahakamani asiombe talaka peke yake. Aombe pia mgawo wa mali na matunzo ya watoto. Usipoomba, nani atakukumbuka?

Tena jueni hili: nyumba mnayoishi kama mume na mke haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja bila mwenzake kukubali. Kifungu cha 59 kinasema hivyo. Ukisikia mnunuzi anazungushwa uani, nenda upesi kwa mtendaji wa kijiji ukaeleze. Na mkipimiwa shamba, hati ya kimila inaweza kuandikwa majina yenu wote wawili.

Baba mmoja ataniambia: "Mwalimu, unavunja ndoa za watu." Hapana, mzee wangu. Ndoa huvunjwa na dharau. Mume anayejua kuwa kazi ya mkewe ni mali atamheshimu. Mke anayejua kuwa ana fungu lake hataiba mahindi ghalani ayauze kwa siri. Nyumba ya namna hiyo haifiki barazani.

Basi leo usiku, baada ya chakula, wasieni taa. Baba na mama mkae pamoja, mfungue daftari, muandike mali yenu. Juu ya ukurasa andikeni majina mawili.