Anayesema Kweli Kazini Alindwe
Hotuba kwa waumini na wanaharakati, Dandora, Nairobi



Hatukukutana hapa ili kumlaani mtu. Tumekutana tujiulize swali moja: mfanyakazi auonaye wizi kazini mwake na kuusema, ni nani amlindaye kesho yake?

Swali hili ni letu. Kila alfajiri watu wa Dandora hutoka kwenda viwandani, maofisini na madukani. Wao ndio wanaojaza stakabadhi, wanaopakia malori na kufunga milango ya stoo; kwa hiyo wao ndio wa kwanza kuyaona maovu. Mwenzetu mmoja, karani wa stoo, alimweleza mkubwa wake kwamba vitabu vilionyesha mzigo ambao haukufika kamwe. Mwezi haukuisha kabla hajaachishwa kazi. Karo na kodi ya nyumba havikumsubiri.

Wengi wetu tunakumbuka jina la David Munyakei. Alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya. Kupitia meza yake zilipita hati za kampuni ya Goldenberg, iliyolipwa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, ilhali sheria iliruhusu asilimia 20 tu. Aliona kwamba hesabu hizo si za kweli. Mwaka 1993 hati hizo zikawafikia wabunge wa upinzani, Paul Muite na Anyang' Nyong'o, na taifa likapata kujua.

Tutafakari hapo. Tulidai vyama vingi, na uchaguzi wa Desemba 1992 ukaleta Bungeni sauti ambazo hazikuwamo. Ukweli ukapata mahali pa kusemewa. Lakini aliyeubeba ukweli huo hakupata mahali pa kujisitiri. Munyakei alikamatwa, akashtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali. Mashtaka yaliondolewa, lakini kazi hakurudishiwa. Baadaye alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Jaji Bosire, iliyoundwa mwaka 2003, akasifiwa kwa uadilifu wake. Mwezi Julai 2006 alifariki katika umaskini. Sifa hazikumlisha.

Je, tangu hapo hatukupata kitu? Tumepata, na ni wajibu wetu kukijua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 46, inasema kwamba kumlalamikia mwajiri si sababu ya haki ya kumfukuza mtu, isipokuwa malalamiko yawe ya ovyo na yasiyo na msingi. Sheria ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016 inamtaka mwenye madaraka aripoti hongo katika saa 24, na anayemtisha au kumsumbua aliyeripoti aweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 1, au kufungwa hadi mwaka 1, au vyote viwili. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka huo huo nayo inakataza kumwadhibu mfanyakazi kwa kufichua habari zenye manufaa kwa umma.

Lakini ulinzi huu ni viraka vya nguo moja iliyochanika. Huyu analindwa akisema hongo, yule akisema jambo jingine. Na mnyonge, kabla hajajua kiraka chake ni kipi, amekwisha kufukuzwa. Uganda ilitunga sheria mahususi ya kuwalinda wafichuzi mwaka 2010, na Tanzania mwaka 2015. Hapa kwetu miswada imeandikwa na kuandikwa tena, na hadi mwaka 2024 hakuna uliokuwa umepitishwa.

Wapendwa, nabii Nathani alimkabili mfalme Daudi na kumwonyesha dhambi yake, naye akarudi kwake salama kwa kuwa mfalme alitubu. Sisi hatuwezi kuutundika mkate wa watoto wetu juu ya toba ya wakubwa. Twahitaji sheria.

Basi twadai sheria moja iliyo wazi, itakayomlinda kibarua sawasawa na karani, na itakayomhakikishia aliyefukuzwa riziki yake mpaka kesi iamuliwe. Mbunge ajaye kuomba kura Dandora aulizwe hadharani: katika jambo hili unasimama wapi?

Nasi tusingoje Bunge pekee. Uonapo uovu, andika tarehe na uliyoyaona kwa macho yako. Ukifukuzwa, usikae kimya: Mahakama ya Ajira hupokea madai ndani ya miaka 3. Na mwenzetu akifukuzwa kwa kusema kweli, kanisa na mtaa tusimwache peke yake. Munyakei tulimpigia makofi, kisha tukamwacha. Tusirudie kosa hilo.