Tabibu wa Mifugo Atoke Kwetu



Ombi letu ni moja: karo ya kijana mmoja aende chuo cha Kabete kusomea utabibu wa mifugo. Sotoka ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 2011, lakini ndigana ingali ikitumalizia ndama, na kupe ailetaye hajahama malishoni. Huko atafundishwa kupima homa, kupiga sindano, kuchanganya dawa ya josho kwa kipimo (si kwa kukisia na kopo), na kuutambua mzoga wa kimeta, usiopasuliwa kamwe. Sheria ya mwaka 2011 yamtaka asajiliwe na Bodi kabla ya kutibu. Wako wanachama wasemao fedha hizo ziezeke ukumbi kwanza. Ukumbi waweza kungoja. Twaomba kura zipigwe leo.