Magunia Kumi Ni Kilo Ngapi? Tairi na Upepo wa Pikapu ya Biashara
Maelezo kwa wenye pikapu, madereva na wafanyabiashara wa Kibera na Kawangware



Kabla jua halijachomoza, pikapu nyingi zinazolisha mitaa hii huwa zimeshaondoka soko la Wakulima, ambalo wengi huliita Marikiti, zikiwa na viazi, kabeji na vitunguu. Nyingine hutoka Gikomba na mbao. Mchana hizo hizo hubeba saruji, mchanga na matangi ya maji. Mwenye mzigo anapopatana bei na dereva, wawili hao huhesabu magunia. Hapo ndipo kosa huanzia, kwa sababu tairi hubeba kilo.

Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia lisizidi kilo 50. Kwa gunia kama hilo, magunia kumi ni nusu tani, na pikapu ya kawaida huyabeba bila taabu. Lakini lumbesa haijaisha sokoni. Gunia lililoshonewa kofia ya wavu juu hupita kilo 100 kwa urahisi, na kumi za aina hiyo ni zaidi ya tani moja. Dereva atasema amebeba magunia kumi kama jana, na atakuwa anasema kweli.

Maji nayo hudanganya. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja kamili, mbali na uzito wa tangi lenyewe. Mitungi 50 ya lita 20 ni tani moja. Mifuko 20 ya saruji ni tani moja. Mchanga uliolowa mvua ni mzito kuliko mkavu, hata kama bodi imejaa kiasi kile kile.

Jambo la kwanza, basi, ni mwenye gari kujua gari lake limeruhusiwa kubeba kilo ngapi. Kitabu cha umiliki wa gari, yaani logbuku, huonyesha uzito mtupu na uzito wa mzigo. Wengi hukitoa wakati wa kuuza gari tu.

Jambo la pili limeandikwa ubavuni mwa tairi. Tazama tairi iliyoandikwa 195R14C 106/104. Herufi C baada ya 14 huonyesha kuwa ni tairi ya gari la mizigo. Namba 106 ni ya uzito: tairi moja inaruhusiwa kilo 950. Namba 104, kilo 900, ni kwa gari lenye tairi mbili mbili kila upande wa nyuma, kwa hiyo mwenye pikapu ya tairi nne asome ile ya kwanza. Sasa tazama tairi ya gari dogo la abiria, 185/70R14 88. Nayo hukaa kwenye rimu ya inchi 14, lakini 88 ni kilo 560 tu. Kwa macho, hasa zikiwa zimetumika na kurundikwa kando ya barabara, tofauti haionekani sana. Muuzaji akiulizwa kama itaingia, atasema itaingia.

Hesabu yake ni hii. Pikapu yenye uzito mtupu wa kilo 1,400 inaweza kuwa na kilo 800 mbele na 600 nyuma. Ikipakiwa kilo 1,000, karibu zote hulala juu ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo sasa ina kilo 1,600, yaani 800 kwa kila tairi. Tairi ya 106 inazibeba na akiba ya kilo 150. Tairi ya 88 imezidiwa kwa kilo 240, kila upande. Hata mzigo ukipunguzwa hadi kilo 800 bado imezidiwa, ingawa mtu akijumlisha uwezo wa tairi zote nne ataona hesabu imekubali. Za mbele hazizisaidii za nyuma, kwa hiyo hesabu ya pikapu ifanywe nyuma.

Kuna fundi atakayeshauri kuongeza majani ya springi. Ni kweli gari halitainama tena. Lakini springi hazipunguzi hata kilo moja kwenye tairi. Zinaondoa tu ile dalili iliyokuwa ikimwonya dereva kwamba amezidisha.

Upepo ndio unaopuuzwa zaidi. Zile kilo 950 hupatikana tu tairi ikiwa na presha yake kamili. Kwa tairi nyingi za 195R14C zenye alama ya 8PR, presha hiyo ni kilopaskali 450, karibu psi 65. Dereva anayeweka 35 kwa mazoea ya gari dogo amenunua tairi nzuri kisha akaacha sehemu kubwa ya nguvu yake kwenye pampu. Tairi yenye upepo mdogo chini ya mzigo hujikunja ubavuni kila inapozunguka, hupata joto ndani, na nyuzi zake huachana pole pole. Ikipasuka, mara nyingi lawama huenda kwa msumari.

Wakati wa mvua wapo wanaopunguza upepo ili gari lishike kwenye matope ya njia za ndani. Huenda likashika. Kosa ni kupanda tena hadi Ngong Road na mzigo kabla ya kurudisha upepo huo. Nao wanaojaza psi 65 na kuzunguka siku nzima bila mzigo hupata gari linaloruka nyuma, na breki zikikanyagwa tairi huteleza. Kibandiko kwenye mlango wa dereva mara nyingi hutoa presha ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Kwa magari yaliyotoka Japani kinaweza kuwa kwa Kijapani, lakini namba zinasomeka: kilopaskali zigawanywe kwa 7, jibu ni karibu na psi. Kilopaskali 350 ni kama psi 50. Ikiwa tairi zilizofungwa si za aina iliyotajwa kwenye kibandiko, muuzaji wa tairi aulizwe jedwali la uzito na presha la mtengenezaji.

Upepo hupimwa tairi ikiwa baridi, gari likiwa limesimama saa tatu au zaidi. Alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, ndio wakati wake. Baada ya safari geji itasoma juu kwa sababu ya joto. Upepo huo usitolewe, kwani tairi ikipoa itabaki na upungufu. Geji za vituo vingi zimechoka kwa kuangushwa, kwa hiyo dereva awe na yake.

Anayenunua tairi zilizotumika asome pia namba nne za mwisho kwenye mstari wa DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo.

Magari ya biashara hukaguliwa mara moja kwa mwaka, na mizani za barabara kuu ni za magari ya tani tatu na nusu kwenda juu. Kwa hiyo siku nyingi pikapu ya mtaani haipimwi na mtu yeyote. Pembeni mwa Naivasha Road na kuzunguka Toi, akina mama wanaouza mboga hukaa hatua chache kutoka kwenye lami, watoto wakiwa nao. Pikapu iliyopasukiwa tairi ya nyuma na tani moja juu yake huyumba kabla dereva hajajua kilichotokea.

Mfanyabiashara anayekodi naye ana neno lake. Dereva akisema mzigo huu ni wa safari mbili, mara nyingi hupoteza kazi kwa mwenzake anayekubali safari moja. Kabla ya kumkimbilia huyo wa pili, mwenye mzigo anaweza kuinama na kusoma namba kwenye tairi za nyuma.

Na spea isomwe vilevile. Mara nyingi ndiyo ile ya 88, na hufungwa mahali pabaya, gari likiwa bado na mzigo.