Faru wa Shilingi Hamsini
Mhadhara wa umma uliotolewa kwa wananchi wa Milepa, Bonde la Ziwa Rukwa



Mwaka 1974 ulileta mambo mengi katika pembe hii ya nchi. Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka huo, ukimegwa kutoka Mbeya na Tabora. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambayo enzi hizo ilikuwa ndani ya mkoa huo huo, ilitangazwa mwaka huo. Operesheni Vijiji nayo, ile ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, ilikuwa imepamba moto nchi nzima. Wazee waliopo hapa wanayakumbuka hayo kuliko mimi. Lakini kuna jambo la nne la mwaka 1974 ambalo sidhani kama liliwahi kushuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi hapa bondeni: Benki Kuu ya Tanzania ilitoa sarafu tatu za kumbukumbu kwa heshima ya wanyamapori wetu.

Ya shilingi 25, ya madini ya fedha, ilikuwa na twiga. Ya shilingi 50, ya fedha vilevile, ilikuwa na faru. Ya shilingi 1,500 ilikuwa ya dhahabu, na juu yake duma. Upande wa pili wa zote tatu ni sura ya Mwalimu Nyerere. Sarafu hizo zilikuwa sehemu ya mpango mkubwa wa mashirika mawili ya uhifadhi duniani, WWF na IUCN, uliojumuisha nchi zaidi ya ishirini, kila nchi ikichagua wanyama wake. Jirani zetu wa Zaire waliwachagua sokwe wa milimani na okapi. Sarafu za mpango huo ziliuzwa kwa wakusanyaji huko ng'ambo kwa bei iliyozidi thamani iliyochapwa juu yake, na sehemu ya mapato ikaenda kwenye kazi ya kuwalinda wanyama.

Siwezi kuubeza mpango ule. Nchi changa ilipata fedha za kigeni kwa ajili ya uhifadhi, na jina lake likasomwa katika nyumba ambazo zisingelisikia kwa njia nyingine. Ninachouliza leo ni hiki: sarafu ile ilimwahidi nani, na iliahidi nini? Dola inapomchapa mnyama juu ya fedha yake, kando ya sura ya kiongozi wake mkuu, imesema hadharani kwamba mnyama huyu ni wetu na tutamtunza. Mimi naichukulia kauli hiyo kwa uzito wake wote.

Sasa mtazameni yule faru. Mwaka 1996 shilingi 50 ilitoka tena ikiwa na faru, safari hii jike na mtoto wake, upande wa pili sura ya Rais mstaafu Mwinyi. Hii mnaijua: ni ile ya pembe saba, chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Mnyama ni yule yule na tarakimu ni ile ile, ila imepita miaka 22. Ile ya kwanza ilikuwa ya fedha, yenye uzito wa wakia nzima na ushei. Hii ya pili ilikuwa chenji ya dukani. Shilingi ilikuwa imeanguka, na faru alianguka vibaya zaidi. Barani Afrika, faru weusi walikadiriwa kuwa kama 65,000 mwaka 1970; kufikia mwaka 1995 hawakufika 2,500. Kwetu Tanzania, nchi iliyokuwa na maelfu, walibaki pungufu ya mia moja. Faru na mtoto wake walipozunguka nchi nzima mifukoni mwa watu, porini walikuwa karibu kwisha.

Tembo naye ana hadithi inayofanana na hiyo. Mwaka 1986, WWF ilipotimiza miaka 25, Tanzania ilitoa sarafu ya fedha ya shilingi 100 yenye tembo na mtoto wake, na ya dhahabu ya shilingi 2,000 yenye chozi, yule ndege mdogo wa misitu ya milima ya mashariki. Miaka hiyo hiyo bunduki zilikuwa zinalia. Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulihesabiwa tembo laki mbili hivi. Mwaka 1989 walibaki kama elfu sitini. Ilibidi jeshi liingie porini kwa Operesheni Uhai ndipo mauaji yakapungua. Yalirudi baadaye: sensa ya mwaka 2009 ilitaja tembo 109,051, ya mwaka 2014 ikataja 43,330.

Nasema hivi si kwa kuwa sarafu ingeweza kuzuia risasi. Nasema kwa sababu ahadi ile ilitolewa kwa watu wa mbali, waliolipa na kuifungia ndani ya kasha, huku waliokuwa wakilala karibu na mnyama mwenyewe hawakuambiwa kwamba wamo. Na ndio waliokuwa na sauti ya mwisho. Mwindaji haramu hupita kijijini kabla ya kufika porini. Mtu humwona, humpa maji, na huamua kusema au kunyamaza.

Fedha ya kawaida imefanya kazi ya kufundisha zaidi kuliko ile ya kumbukumbu. Tangu mwaka 1966 mtoto wa Kitanzania amejifunza wanyama kwa senti: sungura kwenye senti 50, mbuni kwenye senti 20, samaki kwenye senti tano. Baadaye akaja swala kwenye shilingi 100, simba kwenye 200, na mwaka 2014 nyati kwenye 500. Kenya walikwenda mbali zaidi. Katiba yao ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha, na Desemba 2018 wakatoa sarafu mpya zenye twiga, faru, simba na tembo. Nawasifu kwa hilo. Rais hupita, ni vema fedha ikae na kile kisichochaguliwa kwa kura.

Lakini hapa bondeni lazima niseme na jambo jingine. Nyati wa shilingi 500 ni picha kwa mtu wa Dar es Salaam. Kwenu ni mnyama anayeua. Kiboko hula mpunga usiku, mamba humsubiri mvuvi. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Kwa ekari ya mazao, kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kufuatana na umbali wa shamba na hifadhi, mwisho ekari tano. Hesabuni ile milioni kwa sarafu za nyati: ni sarafu 2,000. Taifa linalomheshimu nyati kwa kumchapa kwenye fedha haliwezi kuuona uhai wa mvuvi wa Rukwa kuwa na thamani hiyo. Viwango vya namna hii vipandishwe kila shilingi inaposhuka, na vilipwe kabla msiba haujasahaulika.

Na maji. Mto Katuma unapita Katavi na maji yake huishia katika ziwa letu, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Kiangazi mamia ya viboko wa Katavi hubanana kwenye vidimbwi vya matope, na kila mfereji wa mpunga unaochimbwa juu ya mto huwapunguzia maji. Mkulima wa huko juu, kiboko wa Katavi na mvuvi wa Milepa wanakunywa kikombe kimoja. Sarafu inayomwonyesha mnyama peke yake, bila mto na bila mtu, imeacha nje nusu ya habari.

Wafipa si wageni wa kuweka thamani katika chuma. Matanuru marefu ya wahunzi, yale malungu ambayo mengine bado yamesimama kule juu uwandani, yalitoa majembe yaliyolima na yaliyotumika kulipa mahari. Jembe lilikuwa mali kwa sababu lilikuwa na kazi.

Nataka sarafu nayo iwe na kazi. Kwa hiyo naomba hili, na nitaliandika kwa Benki Kuu. Katavi na Mkoa wa Rukwa vimevuka nusu karne. Itolewe sarafu ya kumbukumbu ya bonde hili, ya chuma cha kawaida, itakayopatikana kwa thamani iliyochapwa, na iingie kwanza kwenye mzunguko kupitia masoko ya Muze, Mtowisa, Milepa na Ilemba. Juu yake asiwekwe simba, ana nafasi yake tayari. Awekwe sheshe, swala wa mbuga za majimaji ambaye makazi yake hapa Rukwa yanazidi kubanwa. Au awekwe gege wa Rukwa, samaki ambaye asili yake ni ziwa hili na mito yake, na ambaye ndiye amewasomesha wengi wenu mlioketi hapa. Mimi ningemchagua gege. Wazee, ningependa kusikia ninyi mnamchagua nani.