Tarumbeta Katika Chumba cha Kupanga

(Maneno aliyoyasema mwanabendi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimepewa dakika chache, nami sitazipoteza. Wengi wetu tungali na tarumbeta, lakini zimelala uvunguni. Sababu ni moja: chumba cha kupanga, ukuta mwembamba, na jirani aliyetoka zamu ya usiku. Ni sababu ya haki. Lakini mdomo wa mpigaji ni msuli, na msuli usiotumika hulegea. Vijana hawa wakituomba tuwafundishe, tutapuliza kwa mdomo upi?

Dawa ni kizibo kinachotiwa kwenye mdomo mpana wa tarumbeta. Si jambo geni. Katika opera ya L'Orfeo ya mwaka 1607, Monteverdi ameeleza kwamba kipande cha ufunguzi hupanda toni moja tarumbeta zikizibwa. Mwaka 1995 Yamaha walileta kizibo chenye maikrofoni, mpigaji akajisikia mwenyewe masikioni.

Msinunue ovyo. Kizibo cha jukwaani hushikwa na vipande vitatu vya gome laini. Hewa hupita kando, na jirani bado atasikia. Cha mazoezi huziba pande zote, hubaki nafasi ndogo tu ya pumzi.

Sasa jihadharini na mambo matatu. Kwanza, hewa hupata kizuizi, na mtu hukaza koo ili aishinde. Legeza koo, vuta pumzi ya tumboni. Pili, sauti hupanda kidogo na noti za chini huyumba. Vuta nje mrija wa kurekebishia sauti, na ukitoa kizibo uurudishe. Tatu, aliyezoea kunong'ona chumbani hupiga kwa woga uwanjani.

Kwa hiyo, siku za kazi ziba, ufanye noti ndefu na mazoezi ya vidole, hata robo saa tu. Jumapili nenda uwanjani, upige wazi. Kizibo kinatunza mdomo. Sauti yenyewe hukomaa mahali pa wazi.

Ndugu zangu, gwaride mliloliona asubuhi lilikuwa na wapigaji wachache, na hawana wa kuwaongoza. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Naomba mkutano ujao kila mmoja aje na tarumbeta yake, na mdomo ulio tayari.