Usingizi, Watu na Sonona

Leo tunazungumzia sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka wiki baada ya wiki, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya kula, hata hamu ya kuongea na wanawe.

Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu karibu 290,000 nchini Uingereza kwa miaka tisa. Kati ya mazoea saba waliyopima, usingizi wa saa saba hadi tisa ndio uliotia fora: hatari ya kupata sonona ilipungua kwa asilimia 22. Kukutana na watu mara kwa mara kulipita hata mazoezi. Lishe bora ilisaidia pia, ila kidogo.

Sasa mtazame kijana wa bodaboda pale steji ya Nyamasaria, Kisumu. Saa tano usiku bado anangoja abiria wa basi la Nairobi, shavu limejaa majani ya muguka ili macho yasifumbike. Akifika nyumbani saa nane, usingizi hauji, kwa hiyo anautafuta kwenye chang'aa. Unakuja wa kukatikakatika, na alfajiri anaamka moyo mzito kuliko jana. Mvua zikizidi na mto ukafurika, hata godoro limelowa. Kumwambia mtu huyu "lala mapema" basi, ni kumwonea. Aanze na linalowezekana: aache kutafuna mapema, na pombe asiifanye dawa ya usingizi. Akilemewa, NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wanapokea simu bure kwa nambari 1192.

Tena sonona yenyewe huyaiba mazoea mema yanayoikinga. Mgonjwa haonekani chamani wala kanisani, simu hapokei, na majirani wanasema ana madharau. Jamani, si madharau, wala si uvivu! Usimwagize atembee, mpitie kwake, mwende pamoja hadi sokoni.

Matembezi hayatoshi kwa kila mtu. Huzuni ikipita wiki mbili, mpeleke Hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia. Akitaja kujiua, usingoje hata siku moja, wala usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mpeleke leo, na ukae naye kwenye foleni.